Wiki Ambayo Mama Pancras Alifua Nguo

"Mama Pancras, hivi wewe nguo zako unaanika wapi?"

Swaumu aliuliza hivyo asubuhi moja akiwa na ndoo ya maji kichwani, na wala hakuwa anatania. Alikuwa mke wa Yahaya mwenye toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu inayobeba mizigo, na walikuwa wamehamia Nyamiaga miezi michache tu iliyopita. Kila alipotoka kisimani alipita nyuma ya jiko la Ildefonsa, ambaye watu wote humwita Mama Pancras kwa jina la mwanawe. Kamba aliiona. Ilikuwa ndefu, imekazwa vizuri kutoka kwenye mparachichi mpaka kwenye nguzo ya jiko, na vibanio vimejipanga juu yake kama ndege waliotua. Ila nguo, hata leso, hakuwahi kuiona.

"Kwenye ua wa minyaa," Ildefonsa akajibu.

"Kwenye minyaa! Na ule utomvu wake?"

"Unaingia."

Swaumu akaangalia kitenge alichovaa mama wa watu. Kweli, kilikuwa na madoa kiunoni na begani, kama mtu aliyemwagiwa maziwa yakakaukia.

"Sasa ile kamba ya nini?"

"Ile si ya nguo, mwanangu. Ile ni Jumatatu mpaka Jumamosi."

Swaumu akatua ndoo chini. Kwao mjini Ngara, katika nyumba ya biashara ya wazee waliotoka pwani, kamba ilikuwa kamba. Ildefonsa akamshika mkono, akamwonyesha.

Kikundi chao kilikuwa na kaya nane. Kilikuwa na mashine moja ya kupukuchua mahindi, yenye injini ya dizeli inayokohoa kama mzee aliyezidisha kiko, na maturubai manne ya kuanikia. Mikono ilikuwa ya wote: kaya yenye zamu inapika, na kaya nyingine zinaleta watu wawili wawili. Na kazi yote hiyo ilitakiwa kumalizika katika kile kiangazi kifupi cha katikati, kabla masika hayajaanza, maana mahindi yakinyeshewa yangali kwenye magunzi huota hapo hapo, ukakuta yamechipua kabla hujapata hata debe moja la kupeleka kusaga.

Hapo zamani zamu ziliandikwa kwenye daftari. Daftari lilidumu msimu mmoja. Mtoto kaumwa, zamu ikafutwa. Harusi imeingia, ikafutwa. Dizeli imekwisha, ikafutwa. Mwishowe ukurasa ukatoboka, na wale walioandikwa nyuma ya lile tundu wakapoteza zamu zao pia. Ndipo Ildefonsa, aliyeishia darasa la saba na asiye na cheo kikundini zaidi ya kuongoza sala ya kufungulia kikao, akasema basi leteni niweke kwenye kamba, kwa muda tu. Muda huo ulikuwa umefika miaka minne.

Kamba ilikuwa na vifundo vya kitambaa vinavyoigawa sehemu sita, na kila sehemu ni siku. Kila kaya ilikuwa na kibanio chake. Cha Francisca kijani, cha Suzan njano, cha Danstan ni cha mti, kimevunjika sikio moja. Maturubai yalikuwa vipande vya kitambaa cha bluu. Toyo ilikuwa kitambaa chekundu. Na mashine yenyewe ilikuwa soksi nyeusi ya marehemu mume wake. Mtu akipita na ndoo yake anatupa jicho tu, anajua: kesho soksi iko kwa kibanio cha njano, kwa hiyo ni kwa Suzan, na mimi nimo. Likizuka la kuzuka, Ildefonsa alitoka jikoni mikono ikiwa na unga, akachomoa hiki akachomeka pale, na maisha yakaendelea. Hakukuwa na kufuta.

Kasoro ilitokea mara moja. Mbuzi wa Danstan alikata kamba yake, akaja akala Alhamisi yote. Siku hiyo ilipofika, wanakikundi walikaa nyumbani kwa amani kabisa, wakiamini ni mapumziko.

"Sasa nimeelewa," alisema Swaumu akijitwisha ndoo. "Lakini Mama Pancras, kitenge chako kinaniuma roho."

Basi, huyo mbuzi ndiye aliyetajwa kwanza siku ambayo Rogasian alisimama mbele ya kikundi.

Rogasian alikuwa karani wa ghala huko Mwanza miaka ishirini na kitu, akastaafu, akarudi nyumbani, na Desemba wakamchagua mwenyekiti. Alikuwa mtu mwema, hakosi misa, hana neno baya na mtu. Ila alipenda mambo yanyooke. Hata ndizi zake alizipanda kwa kamba ya kupimia, na mgomba uliochipua nje ya mstari aliuangalia kama mwanafunzi aliyechelewa.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, nao wamekaa barazani kwa kanisa baada ya misa. Rogasian akatoa ratiba kwenye bahasha. Ilikuwa imechapwa kwa rangi tatu na kufunikwa plastiki ngumu pande zote mbili. Jua likaipiga, watu wakafumba macho.

"Ndugu zangu," alisema, "dunia imebadilika. Hatuwezi kuendelea na ratiba inayoliwa na mbuzi."

Watu wakacheka. Danstan akaangalia viatu vyake.

"Hii," akaendelea, "hailowi, haichaniki, hailiwi. Nimepanga kwa umbali. Tunaanzia barabarani, tunapanda mlima kidogo kidogo. Dizeli tunaokoa, toyo haizunguki ovyo. Kila kitu kina saa yake. Saa nne uji. Saa saba chakula."

"Nani wa kwanza?" Suzan akauliza. Yeye ulimi wake hauna breki.

"Nyumba iliyo karibu na barabara."

"Ambayo ni ya nani, mwenyekiti?"

"Ni... kwa bahati tu, ni yangu."

Wakacheka tena. Ildefonsa naye alicheka, maana ilichekesha, lakini macho yake yalikuwa yanashuka mstari kwa mstari kumtafuta Francisca. Akamkuta chini kabisa, Jumamosi, kwa sababu anakaa kileleni. Na Francisca ndiye ambaye upepo ulikuwa umemng'olea paa la ghala wiki iliyopita tu. Mahindi yake yote ya mwaka yalikuwa nje, yamefunikwa majani ya migomba. Kwenye kamba angekuwa wa Jumatatu asubuhi.

"Mwenyekiti," alisema taratibu, "Francisca hana ghala."

"Ninajua, Mama Pancras, na ninamhurumia. Lakini tukianza huruma, mstari unapinda. Tuijaribu wiki moja. Ikienda vizuri, kamba tunaishusha na wewe unapumzika. Umefanya kazi kubwa, mama yetu."

Wakampigia makofi. Alipofika nyumbani ndipo yale makofi yakamchoma.

Maana ile kamba ndiyo iliyokuwa inamletea watu. Tangu mumewe atangulie mbele ya haki, na Pancras aende kulima Kaniha, huko Biharamulo, hakukuwa na asubuhi iliyopita bila watu watano au sita kusimama nyuma ya jiko lake. Walisoma, wakabishana, wakamwamkia shikamoo, wakaomba kaa la moto, wakaacha habari. Kamba ikishuka watapita tu na ndoo zao. Alilijua hilo bila kuambiwa. Akaenda akavichomoa vibanio vyote kimoja kimoja, akaviweka kwenye kopo, akajiwekea nadhiri ya Kwaresima kabla Kwaresima yenyewe haijafika: mwaka huu nitafunga kimbelembele. Sitaingilia. Mungu anisaidie.

Jumatatu ilikwenda kama ilivyoandikwa. Mashine ilikohoa kwa Rogasian na kwa jirani yake, uji ulinywewa saa nne kamili, na jioni mwenyekiti akapita kijijini ameshika ratiba yake kifuani kama mtu aliyetoka kupokea cheti.

Jumanne kabla ya jua kutoka, mzee Protasi, katekista wa zamani, akafariki.

Sasa, hapo hata mtoto anajua. Mwili ukiwa ndani ya nyumba, jembe haliingii ardhini na mashine haiwashwi. Utakuwaje mtu wa kupiga kelele za injini wakati wenzako wanalia? Jumanne ikafa. Maziko yakapangwa Jumatano, nayo ilikuwa Jumatano ya Majivu, kwa hiyo waliomzika mzee Protasi walimzika wakiwa na majivu usoni, jambo ambalo yeye mwenyewe lingempendeza sana. Mwaka huo Ramadhani nayo iliingia wiki hiyo hiyo, ikawa Yahaya amefunga na Wakatoliki wamefunga, na ile saa nne ya uji ikabaki kwenye plastiki peke yake.

Makaburini Danstan akamsogelea mwenyekiti.

"Mwenyekiti, mimi nilikuwa Jumanne."

"Najua."

"Sasa niko lini?"

Rogasian akatoa ratiba, akatoa kalamu, akajaribu kuandika. Kalamu ikateleza. Akajaribu tena kwa nguvu. Wino ukakusanyika juu ya plastiki kama tone la mafuta, ukamchafua kidole.

"Waliopitwa," alisema akijifuta, "wataingia mzunguko wa pili. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo kuna mvua!"

"Ratiba haiwezi kubeba mvua, Danstan. Nitatuma ujumbe kwenye simu."

Ujumbe aliutuma. Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumanne na simu nyingi zilikuwa zimelala. Zile zisizolala zilikuwa za kitochi, ambazo mambo ya kundi la picha na ujumbe haziyajui.

Ildefonsa aliyasikia yote hayo akiwa hatua tatu nyuma, akauma ulimi. Nadhiri ni nadhiri. Akarudi nyumbani Jumatano hiyo mchana na kazi nyingine kabisa kichwani. Alikuwa amelaza wageni wawili wa msiba, kwa hiyo blanketi lilitaka maji. Gauni lake la kulalia, lile la bluu, alikuwa amemwazima mgeni mmoja, nalo lilitaka maji. Kilemba chekundu kilikuwa na majivu. Na soksi! Asubuhi makaburini kulikuwa na umande, akaona kwa kuwa ile soksi nyeusi imestaafu umashine, acha aikutanishe na mwenzake aliyekuwa sandukuni, azivae zote mbili. Zikarudi na tope.

Akafua. Akasimama na beseni, akaangalia minyaa, akaangalia kitenge chake chenye madoa. Akaangalia kamba iliyokaa tupu.

"Kwani sasa ni ya nani?" alijiuliza kwa sauti. Akachukua kopo la vibanio, akaanika.

Hakuwa na hila yoyote, na Mungu ni shahidi. Alianika kwenye sehemu ya nne ya kamba kwa sababu jua la jioni hukaa pale. Soksi moja akaibana kwa kibanio cha kijani kwa sababu ndicho kilichokuwa juu kwenye kopo. Mwenzake alianguka nyuma ya beseni hakumwona. Gauni la bluu likahitaji vibanio vinne. Blanketi likameza vilivyobaki. Kilemba chekundu akakitupia pembeni. Akaingia ndani kusali rozari ya mzee Protasi, na kwa uchovu akasinzia kwenye fumbo la tatu.

Jua linakaribia kuzama, Swaumu na Danstan wakakutana nyuma ya jiko, kila mmoja na chombo chake cha maji. Wakasimama kwa pamoja, kama wamesimamishwa na askari.

"Imerudi," alisema Danstan kwa kunong'ona.

"Alhamisi," alisema Swaumu. "Soksi iko kwa kijani. Kijani ni Francisca."

"Ndiyo. Na lile la bluu?"

"Bluu ni turubai."

"Limekuwa kubwa hivyo?"

"Maana yake yote manne, Danstan! Angalia vibanio, vinne. Na chekundu kile pale, mume wangu anahitajika mapema."

Danstan akalizunguka blanketi. "Na hili blanketi, na vibanio vyote hivi?"

Swaumu akafikiri. Alikuwa mgeni wa kamba lakini alijifunza haraka.

"Hilo ni sisi sote. Tumefunikwa pamoja. Hakuna kaya kubaki."

"Huyu mama!" alisema Danstan, na machozi yakamlengalenga. "Amekatazwa, lakini ameshindwa kumwacha Francisca." Akaondoka mbio, maji yakimwagika, akapiga hodi nyumba hadi nyumba mpaka giza likamkuta kabla hajafika kwa Suzan na kwa mwenyekiti.

Alhamisi asubuhi Ildefonsa alikuwa anachochea moto aliposikia mashine inakohoa. Akainua kichwa. Sauti haikutoka kwa Suzan, ambaye ndiye aliyekuwa kwenye ile plastiki. Ilitoka juu, kileleni. Akatoka nje kusikiliza vizuri, na ndipo Swaumu akatokea akicheka.

"Shikamoo Mama Pancras! Yahaya ameipandisha tangu alfajiri, kama ulivyoagiza."

"Marahaba. Nimeagiza nini?"

"Si soksi kwa Francisca? Na gauni ndiyo maturubai manne? Kila mtu yuko huko."

Ildefonsa akageuka akaiangalia nguo yake ya kulalia ikipepea hapo, mbele ya Mungu na njia ya kisimani. Akakaa kwenye kigoda. Mabega yakaanza kumtikisika, akajifunika uso kwa khanga, akacheka mpaka akakumbuka kuwa ni Kwaresima, akajifanyia ishara ya msalaba, kisha akacheka tena. Alipotulia aliinuka, akanyoosha mkono aitoe ile soksi. Mashine huko juu ikabadilisha mlio, ule mlio mzito inaotoa ikishiba mahindi. Akaurudisha mkono.

Kwa Suzan mambo yalikuwa mengine. Suzan ana bomba lake, hapiti kwenye kamba. Alikuwa amepika maharage ya watu kumi na sita tangu alfajiri kama ratiba ilivyosema, na aliyefika alikuwa mmoja tu, mwenyekiti, na plastiki yake.

"Karibu mwenyekiti," alisema Suzan saa nne. "Mashine iko wapi?"

"Inakuja. Imeandikwa hapa."

Saa tano akamwekea sahani. Saa sita akamwongeza.

"Kula, mwenyekiti. Ni ya watu kumi na sita. Wewe ni mmoja, wamebaki kumi na tano, wote wako kwako."

"Suzan, mashine inasikika huko juu."

"Naisikia tangu asubuhi. Nilidhani ni tumbo lako."

Saa saba akachoka. Akafunika sufuria, akaipandisha kichwani kwa kata ya majani ya mgomba. "Mashine imekataa kuja kwenye maharage," alisema, "acha maharage yaende kwenye mashine." Akapanda mlima, na Rogasian akapanda nyuma yake akihema. Walipofika walikuta mahindi ya Francisca yamebaki kidogo tu, meupe juu ya maturubai manne, na Francisca anazunguka anamshukuru kila mtu mara mbili mbili.

"Nani ametoa amri hii?" Rogasian akauliza.

Wakamjibu kama watoto wa darasa moja: "Kamba."

Jioni akaenda kuiona hiyo kamba. Ildefonsa alimwona anakuja, akakaa mlangoni na ungo wa mchele. Rogasian alifika nyuma ya jiko, akainua macho, akakutana na gauni la kulalia la mama mjane, akageuka haraka akaupa mgongo. Mazungumzo yote aliyafanya akiuangalia mparachichi.

"Mama Pancras, tulikubaliana."

"Tulikubaliana, mwenyekiti."

"Sasa hii ni nini?"

"Nimefua."

"Umefua?"

"Nilikuwa na wageni wa msiba. Geuka uangalie."

"Sigeuki. Naomba uanue basi."

"Blanketi bado lina unyevu."

Hakusema uongo hata neno moja, naye Rogasian akaenda zake. Lakini nadhiri, ndugu zangu, ilivunjika dakika tano baadaye. Ildefonsa alipokwenda kuanua, aliona mawingu yamejipanga upande wa Burundi, meusi chini na meupe juu. Akahesabu. Suzan bado. Danstan bado. Na kaya nyingine tatu. Siku ni mbili, na Ijumaa yenyewe Yahaya huenda msikitini adhuhuri. Akasimama na gauni mkononi. Lilikuwa kavu, safi, halina doa.

Akalitumbukiza kwenye beseni la maji.

"Mama Pancras," Swaumu akamwuliza akipita, "hilo si ulilifua jana?"

"Lilipata vumbi," alisema Ildefonsa, na hapo ndipo dhambi ilipoingia.

Ijumaa ilisomeka vizuri. Soksi kwa njano, Suzan akapata mashine yake asubuhi. Kilemba chekundu kilikunjwa nusu, kila mtu akaelewa kuwa toyo itatoka adhuhuri na irudi, kwa hiyo mashine ikahamia kwa Danstan mapema kabla ya swala. Swaumu alimpelekea Suzan tafsiri yake mlangoni ili yasimkute ya maharage tena. Lakini alasiri, kwa Danstan, mkanda wa mashine ukakatika. Yahaya akaambiwa akautafute mwingine mjini asubuhi, na watu wakaanza kutawanyika wakinung'unika.

Jumamosi, walipopita kisimani, soksi haikuwepo. Badala yake yalining'inia magunia mawili matupu, yaliyofuliwa yakang'aa, na katikati yake mwiko wa ugali umefungwa kwa uzi.

"Mwiko?" aliuliza Danstan.

"Fimbo," Swaumu akasema bila hata kusimama. "Tia mahindi kwenye magunia, tupige kwa fimbo mpaka mkanda uje. Jamani, mbona iko wazi!"

Wakapiga magunia tangu asubuhi, kwa nyimbo na kwa matusi madogo madogo ya utani. Saa sita Yahaya akarudi na mkanda, na alipopita na toyo alikuta soksi imesharudi kamba­ni, kwa kaya ya mwisho. Saa kumi na moja injini ikazimwa. Kaya zote nane zilikuwa zimemaliza.

Saa hiyo Ildefonsa alikuwa kanisani kwenye foleni ya maungamo.

"Padre, nimedanganya."

"Kwa maneno?"

"Kwa gauni, Padre. Na kwa gunia. Na kwa mwiko kidogo."

Upande wa pili wa kitambaa kikasikika kikohozi ambacho hakikufanana na cha ugonjwa. Padre akasimuliwa yote. Malipizi yake yalikuwa mafupi: aseme ukweli mbele ya kikundi, kesho, kwa mdomo wake.

Mvua ilianza Jumapili wakati wa mahubiri. Ilianza kwa matone makubwa juu ya bati, halafu ikamwagika mpaka Padre akanyamaza. Wanakikundi wakaangaliana kutoka benchi hadi benchi, na Francisca akainamisha kichwa akalia kidogo. Baada ya misa hawakuweza kwenda nyumbani, kwa hiyo walikaa barazani, na Rogasian akafungua kikao. Ratiba yake hakuwa nayo. Suzan aliiomba Ijumaa, na sasa ilikuwa inafunika mtungi wake wa maji; kwa kazi hiyo alisema haijapata kutokea kitu kizuri kama hicho.

Ildefonsa akasimama kabla hajaulizwa. Alijua kwamba akishasema, wanaweza kuishusha ile kamba kwa haki kabisa.

"Nguo za Alhamisi nilifua tu," alisema. "Mkasoma wenyewe, sikuwatuma. Lakini za Ijumaa na Jumamosi zilikuwa nguo safi. Nilizilowesha makusudi. Nilikuwa nimeahidi sitaingilia, nikaingilia. Mwenyekiti, nisamehe. Mkisema kamba ishuke, nitaishusha leo."

Rogasian akavua kofia, akaifuta, akaivaa.

"Mama Pancras," alianza, "ratiba ni jambo la taratibu. Kama kila mtu ataanza kuangalia nguo za..."

"Wewe baba Ineza," sauti ya mkewe ikatoka nyuma. "Jana asubuhi nilipotoka kisimani uliniuliza nini?"

"Tuko kikaoni, mama."

"Uliniuliza, 'Leo gauni linasemaje?'"

Baraza zima likalipuka. Danstan alishika nguzo. Yahaya, aliyekuja kuwachukua watu kwa toyo na hakuwa mjumbe, alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi iliyolowa. Rogasian alijaribu kushika uso, ukamponyoka, naye akacheka, cheko la mtu ambaye hakucheka wiki nzima.

"Haya," alisema alipopata pumzi, "haya. Kamba ibaki. Zamu zirudi kwa mwenyewe. Danstan, mbuzi wako nitamfunga mimi mwenyewe kwa mnyororo. Na wewe mama yetu, kikundi kitakupa kitendea kazi. Sema unataka nini. Daftari? Simu kubwa? Tukutengenezee ubao?"

Wote wakageuka kumwangalia. Ildefonsa akaivuta khanga yake juu ya bega, pale penye doa kubwa la utomvu, akafikiri kidogo.

"Naomba mninunulie kamba nyingine," alisema, "nianikie nguo zangu."